Nilitoka Kaaga Kutalii

Binamu yangu anaishi Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, na ana pikipiki anayoipenda kuliko ukoo mzima, mimi nikiwemo. Siku aliyoniazima, alinikabidhi ufunguo kwa uso wa baba anayemwoza binti kwa mtu asiyemwamini. Mpango wangu ulikuwa kwenye karatasi: asubuhi makumbusho ya Meru, jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi ya DC, mchana Ziwa Nkunga, lile ziwa takatifu lililojificha ndani ya Msitu wa Imenti, jioni nirudi ninywe chai kama mtu aliyeona dunia.

Jambo ambalo binamu hakunieleza, labda kwa sababu kwake ni kama kueleza kwamba maji hulowesha, ni kwamba huku hakuna anayepanda nduthi kwa starehe. Ukishaikalia, wewe ni wa boda. Suruali yako safi na kamera yako shingoni ni mbwembwe tu za biashara.

Halafu nilichagua siku ya kufungua shule. Kaaga nayo ni shule tupu. Wamethodisti walifika hapa mwaka 1912 na mpaka leo hawajachoka kujenga: wasichana wana shule yao, wavulana yao, na chuo kikuu chao, KeMU, kilipata hati mwaka 2006. Sikuwa nimemaliza mita mia mbili nilipoitwa.

"Wewe wa nduthi! Simama hapo!"

Nikasimama. Nimelelewa kuitikia mama yeyote. Huyu alikuwa na binti aliyevaa sare, sanduku la bati, godoro na ndoo. Nilipogeuka kumsalimu, sanduku lilikuwa limeshafungwa nyuma yangu kwa mpira wa tyubu.

"Mama, samahani, mimi si wa boda."

"Hata mimi si mwalimu, na nimefundisha watoto sita. Twende, lango litafungwa."

Nikakimbilia sheria. Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu.

"Basi abiria ni mimi," akasema. "Huyu ni mwanafunzi."

Tulifika langoni mimi nimekalia tangi la petroli, ndoo ikiwa kichwani mwa binti. Mama akanipa shilingi mia. Nilipokataa, akanitazama kwa huzuni, akasema vijana wa siku hizi wana tamaa, akaongeza ishirini.

Mjini nilisimama Makutano nisome karatasi yangu. Kumbe nilisimama katikati ya steji. Wenye steji walinizunguka wakitaka kujua nimejiandikisha wapi, nani ananijua, na mbona sina koti la kung'aa. Nikawaambia natalii. Walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake akakaa chini. Mwishowe mwenyekiti wao akanihurumia, akasema nitaachiliwa nikimpeleka mzee mmoja Nkubu, ambaye hakuna aliyemtaka kwa kuwa alikuwa na majogoo wawili, na majogoo hao walikuwa na historia.

Mzee akauliza bei. Mimi bei siijui, nikasema mia na hamsini. Alipanda haraka sana, kama mtu anayeogopa nisije nikapata akili.

Nkubu iko kusini. Nkunga iko upande mwingine kabisa. Niliyafikiria hayo huku jogoo mmoja akinidonoa shingo kila nilipobadili gia, kama mwalimu wa udereva. Kwenye mlima fulani pikipiki ikakohoa, ikazima. Nikakanyaga kiki mpaka jasho likaingia viatuni. Mzee akashuka polepole, akainama, akageuza kijiti kilicho chini ya tangi.

"Hiyo ni rizavu," akasema. Kisha, baada ya kimya kirefu: "Kijana, hii nduthi ni yako kweli?"

Kuanzia hapo alinishika mabega kwa nguvu zaidi. Nadhani alikuwa akinikamata. Hata hivyo ni yeye aliyenionyesha tunapovuka ikweta, maana mstari wenyewe unapita kati ya Meru na Nkubu. Wageni hupiga picha mahali kama hapo. Mimi nilivuka nusu moja ya dunia kwenda nyingine kamera ikiwa imefunikwa na bawa la jogoo.

Kurudi nilibeba muuguzi aliyechelewa zamu, akanilipa mia mbili bila kuuliza kitu. Makumbusho yalikuwa yamefungwa. Binamu alinipokea mlangoni, akaizunguka pikipiki mara mbili, akanyofoa unyoya kwenye kiti, akauliza siku ilikuwaje. Kwa ujinga wangu nikamwambia ukweli: mia nne na sabini. Akanyoosha mkono, akachukua mia tatu. Hesabu ya tajiri, akasema, na petroli ni juu yako.

Ziwa Nkunga sijaliona mpaka leo. Naambiwa msituni Imenti kuna ndovu, na kwamba barabara ya Nanyuki ina njia ya chini kwa chini iliyojengwa ili wavuke bila kusumbuliwa na mtu. Wewe unayeijua njia ya kwenda ziwani nielekeze tafadhali. Nitaenda kwa miguu.