Mheshimiwa wa Msimu

Korosho zikishauzwa, kwetu Naipingo hupata waheshimiwa wapya. Mjomba wetu mmoja kashuka na gari la saluni la kifahari kutoka Japani, lenye umri wa kutosha kupiga kura. Viti vya ngozi, vioo vyeusi, na shokapu zilizokwisha kuvuja mafuta yote: tuta moja tu, gari linaitika "naam" mara nne. Bushi zimekatika. Boljointi zinagonga ngo, ngo, ngo, kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Tairodi zimelegea, usukani ukielekezwa Nachingwea, gari huwaza kwanza kama Ruangwa si bora. Tairi zinaliwa upande wa ndani, kimya kimya, kama mchango wa harusi.

Fundi kashauri vyuma vya chini vibadilishwe, kisha magurudumu yanyooshwe. Mjomba kaitikia kwa kuongeza spika.

Si wa kwanza kutuletea mashine ya fahari. Mwaka 1947 Waingereza walianza kuleta matrekta ya mradi wa karanga katika maeneo kadhaa, Nachingwea ikiwemo. 1951 mradi ukavunjwa. Ardhi ya kwetu haijui kusoma nembo, mjomba. Inapima miguu.