Umewashinda Watangazaji

Hongera, mwenzetu wa Nyaramba. Android 9 ilipokuja mwaka 2018 na nafasi ya DNS ya faragha kwenye mipangilio, wengi tuliipita tu. Wewe umejaza anwani ya AdGuard, huduma ya DNS inayozuia matangazo, na matangazo ya kamari yaliyokuwa yakila bando lako kwisha habari yake. YouTube ndiyo bado inakuhubiria, maana tangazo lake hupitia mlango mmoja na video: ukifunga, umejifungia. Si neno. Kaa barazani pa duka lako, lile lililopakwa kijani cha kampuni ya simu bure kabisa, na fulana ya kampeni ya mheshimiwa ya 2022 kifuani, utusimulie ushindi. Ila paza sauti kidogo: gari la kutangazia dawa ya panya limeegeshwa hapo mbele, na spika zake hazina mipangilio.