Televisheni Yapigiwa Hodi

Kwa TCP peke yake, kompyuta ya mezani ina poti 65,536. Nyumba yenye milango mingi hivyo haikosi mlinzi, na mlinzi mwenyewe ndiye fayawoli. Kufunga milango simlaumu. Namlaumu kwa maswali yake.

Mpwa wangu wa kidato cha pili alitaka rafiki zake wa Mwanza wacheze naye Minecraft kwenye kompyuta ya sebuleni kwetu, Tabata. Mchezo ulipowaka tu, fayawoli akaleta dirisha: Java inataka kupokea mawasiliano, iruhusiwe kwenye mitandao binafsi, ya umma, au yote miwili?

"Mjomba, mtandao wetu ni binafsi au wa umma?"

Nikiwafikiria majirani wanaoijua nywila yetu, nikasita. Kabla sijatoa fatwa, kijana akabonyeza kitufe cha kughairi, akidhani aliyeghairi hajasema kitu. Kumbe kwa fayawoli huyo kughairi ni hukumu: aliandika sheria ya kuizuia Java, akanyamaza, na hakuuliza tena. Sheria yenyewe tuliikuta imejibanza kwenye orodha ndefu ambayo mtu mwenye kazi zake hawezi kuimaliza kuisoma.

Tukaifuta. Ikabaki ruta. Kwa nje nyumba yetu nzima ina anwani moja. Ruta ndiyo inayojua kwamba ndani kuna simu, televisheni na kompyuta. Mgeni ambaye hakuitwa haijui impeleke kwa nani, kwa hiyo humwacha nje. Sharti uiambie: atakayekuja poti 25565, ambayo Minecraft huitumia, apelekwe 192.168.1.7, anwani ya kompyuta yetu humo ndani. Ili uiambie hivyo unahitaji nywila iliyobandikwa tumboni mwa ruta, na yetu fundi aliipigilia juu ya kabati la vyombo, tumbo likitazama ukuta. Mke wangu alinishikia ngazi huku akiuliza kama mchezo huo una mshahara.

Usiku ule Mwanza wakaingia, na usingizi wa nyumba ukaisha. Kesho yake umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikagawa anwani upya, na 192.168.1.7 ikaangukia televisheni. Vijana wa watu wakaipigia hodi televisheni jioni nzima. Nayo ilikuwa kwenye tamthilia ya Kituruki, haikuwa na nafasi ya wageni. Dawa yake ni kuiwekea kompyuta anwani isiyobadilika. Ruta zinalo jambo hilo, ila limewekwa ukurasa mwingine kabisa, chini ya herufi DHCP, kana kwamba kila mpika pilau mjini anazifahamu.

Kinachokera ni kwamba kompyuta ilijua yote tangu mwanzo: jina la mchezo, namba ya poti, anwani yake yenyewe. Na kurahisisha kunawezekana. Ubuntu 8.04 ya Aprili 2008 ilikuja na ufw, ambayo kwa amri moja fupi hufungua poti unayoitaka. Gufw ikaongeza vitufe kwa wasiopenda kuandika amri. Upande wa ruta kuna UPnP, inayoiruhusu programu ijifungulie poti. Raha tupu, isipokuwa mwenye nyumba haulizwi: kirusi kikiomba poti nacho hupewa, tena kwa heshima zote.

Mimi ningetaka niulizwe swali moja la Kiswahili: "Watu wa nje waruhusiwe kuingia kwenye Minecraft? Mpaka saa ngapi?" Nikijibu, kompyuta imlegeze fayawoli wake, izungumze na ruta, na muda ukiisha ifunge kotekote. Si ndoto. Itifaki ya PCP, iliyochapishwa 2013, inaiwezesha kompyuta kuiomba ruta poti kwa muda maalumu. Watengenezaji wa programu, hilo dirisha mnalisubirishia nini?

Nawe msomaji, kabla hujapanda ngazi, fungua ukurasa wa hali ya ruta uitazame anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni ya intaneti imekuweka nyuma ya ruta yake kubwa pamoja na wateja wengine, na poti yoyote utakayoifungua nyumbani itaishia hapohapo. Wapigie simu uombe anwani ya umma, na uulize bei kabla hujamwahidi mtoto.