Tume ya Matumbo

Katika shamba moja la Moshono, lililosalia katikati ya nyumba mpya na uzio wa matofali, maharage yalianza kujikunja majani hata kabla masika hayajakolea. Mwenye shamba hakujua sababu. Wakazi wa shamba waliijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuisema. Basi likaitishwa baraza chini ya oreteti, mti ambao Waarusha hawaukati ovyo, na ambao kwa sababu hiyo umesikia uongo mwingi kuliko mti wowote kata nzima.

Mwenyekiti alikuwa Konokono. Alichaguliwa kwa utulivu wake, na kwa kuwa alikuwa na nyumba. Kwamba kila usiku alitoka na kukwangua miche michanga ya maharage, hilo lilihesabiwa kuwa jambo lake la faragha. Katibu alikuwa Jongoo, mwenye miguu mingi na mwendo uleule, ambaye chakula chake ni majani makavu. Mihtasari ya baraza huandikwa kwenye majani makavu. Aliyewahi kufuatilia faili lake ofisini ameshaelewa.

Wa kwanza kusimama alikuwa Sisimizi, Kamanda wa Ulinzi Shirikishi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wajumbe," alisema, "adui hujulikana kwa meno. Mtazameni Buibui. Macho manane, miguu minane, na anatega nyavu kwenye njia ya umma bila kibali. Halafu mtazameni mtoto wa Bibi Madoa. Bibi mwenyewe hatuna neno naye, amevaa wekundu wake na madoa yake vizuri. Lakini mtoto yule, mweusi, mrefu, mwenye mgongo wa miiba! Hivi kweli ni mtoto wa mtu?"

Baraza likaguna. Mama Kidukari naye, wa ukoo ambao wakulima huuita wadudu mafuta, akaomba nafasi.

"Shikamooni wazee. Sisi meno hatuna. Tuna mrija tu, tunanyonya kidogo cha kupoza koo."

Nyuma yake walisimama binti zake, na ndani ya binti zake walikuwamo wajukuu. Ukoo huo haungoji mahari. Mama huzaa bila mume, tena huzaa watoto hai, na binti huzaliwa akiwa amekwisha kubeba mabinti zake tumboni. Joto likikubali, wiki moja hivi inatosha naye awe mama. Hicho kidogo cha kupoza koo kilikuwa kinanyonywa na maelfu.

Mama Kidukari alipoanza kulia, Kamanda alimsogelea na kumpapasa mgongoni kwa vipapasio vyake. Tone la maji matamu likatoka nyuma ya yule mama. Kamanda akalilamba, akafuta mdomo, akarudi kiti cha mbele. Wajumbe wakageuka kuutazama Mlima Meru, ambao asubuhi ile haukuonekana kwa ukungu.

Hapo ndipo Nyigu Mdogo, mwembamba kiasi kwamba hata kwenye orodha ya mahudhurio alikuwa amesahauliwa, alipotoa hoja: "Meno tumeyaona. Tupime matumbo."

Akaitwa binti mmoja mtafiti kutoka upande wa Tengeru. Alikuja na kibomba cha kunyonyea wadudu na chupa ndogo za spiriti. Aliwaamkia wote, Konokono akaitikia marahaba baada ya dakika kadhaa, kisha binti akaeleza kazi yake. Zamani, alisema, tulipasua tumbo na kutafuta mguu au bawa kwa hadubini. Kwa Buibui haiwezekani: humtemea mwenzake maji ya kuyeyusha nyama, halafu hunywa supu. Kwa hiyo sasa tunasoma vinasaba vilivyomo ndani ya supu, tunajua ni ya nani. Tena kuna nitrojeni, nyepesi na nzito. Kila anayekula hubakiza mwilini ile nzito zaidi kuliko aliyeliwa, ongezeko la sehemu 3 hivi kwa 1,000 katika kila ngazi. Mla majani ana kipimo chake, anayemla mla majani ana chake. Mwili wenyewe ni leja.

Tatizo lilikuwa moja: shahidi hutoa ushahidi akiwa ndani ya spiriti. Kila ukoo ukajitolea kwa moyo mkunjufu, ukapeleka ndugu wa mbali.

Majibu yalisomwa baraza lililofuata. Supu ya Buibui ilikuwa na vidukari na inzi wa maharage. Ilikuwa pia na nyuki mmoja, na nzi wa maua, yule anayeelea hewani akinywa utamu wa maua huku watoto wake wakila vidukari. Buibui si malaika. Hula adui, hula rafiki pia, hachagui anayenasa. Mtoto wa Bibi Madoa alikutwa na vidukari kwa wingi wa kutisha, pamoja na mayai mawili ya mama yake mwenyewe. Baraza likashtuka kwa mayai, likasahau vidukari. Nyigu Mdogo hakukutwa na kitu, kwa kuwa yeye mkubwa hunywa utamu tu. Mwanawe ndiye aliyekutwa, tena ndani ya kidukari aliyevimba na kukauka rangi ya hudhurungi, akimla kutoka ndani bila kelele.

Akaja Kamanda, aliyejiita mwindaji tangu baraza hili lianze. Nitrojeni yake ilikuwa karibu na ya mla majani. Nyama hakuwa anakula. Alikuwa anakula maharage kupitia mgongo wa kidukari. Si yeye wa kwanza kuumbuka hivyo: mwaka 2003 wanasayansi walichapisha vipimo vya sisimizi wa juu ya miti katika misitu ya Peru na Borneo, wengi waliodhaniwa wawindaji wakaonekana kuishi kwa utomvu wa mimea, mwingi wake ukipitia kwa wadudu wanyonyaji.

"Maabara haina uzoefu wa shamba," alisema Kamanda.

Mwenyekiti aliipokea ripoti kwa shukrani, akamkabidhi Katibu aitunze. Kufikia alfajiri ilikuwa imetunzwa yote. Tusimlaumu Jongoo sana. Bila yeye na wenzake, majani yaliyokufa yangekawia mno kurudi udongoni, na huenda ripoti ile ilirutubisha maharage kuliko ambavyo ingeyalinda.

Likabaki azimio la Kamanda: usafi wa jumla, bila ubaguzi. Halikuhitaji kupelekwa kwa mwenye shamba. Yeye alikuwa amefika hapohapo kwa njia yake: kinachotembea juu ya jani ni mdudu, na mdudu hupigwa dawa. Akaenda duka la pembejeo, akarudi, akajitwika bomba mgongoni.

Buibui alikufa siku hiyo. Bibi Madoa alikufa na watoto wake, Nyigu Mdogo akafuata. Vidukari nao walikufa, karibu wote. Mmoja mwenye mabawa alikuja na upepo kutoka shamba la jirani, na wiki haikuisha akawa na ukoo. Bibi Madoa huhitaji kama mwezi kutoka yai hadi kuwa mtu mzima. Kamanda, ambaye kiota chake kiko chini ya ardhi, aliripoti kazini Jumatatu.

Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, akiwamo Prisila Mkenda na Patrick Ndakidemi, walichapisha pamoja na wenzao majaribio ya maharage yaliyonyunyiziwa maji ya mimea ya kandokando ya shamba, kama utupa na alizeti pori. Mavuno yalilingana na ya dawa ya dukani, na madhara kwa mbawakavu wa ukoo wa Bibi Madoa na kwa buibui yalikuwa madogo zaidi. Ripoti hiyo Jongoo hakuifikia. Ipo, inasomeka.

Konokono alipita tena bila kupingwa. Ajenda ya kwanza ya muhula mpya ni ununuzi wa bomba la pili.

Nawe ukipita Moshono ukamwona juu ya jani la maharage mdudu mweusi wa alama za machungwa, mwenye umbo kama mamba mdogo, tafadhali usimponde. Ni mtoto wa Bibi Madoa, na hajala kifungua kinywa.