Jinsi ya Kutazama Ndege wa Mida Bila Kumwona Hata Mmoja

Mwezi wa Machi, kaskazi ikianza kulegea, mkono wa bahari wa Mida pale Watamu huwa kama stendi ya basi mkesha wa sikukuu: kila mtu anakula haraka, safari imekaribia. Vitwitwi wenye midomo iliyopinda wanajaza mafuta ya kuwafikisha Siberia, ambako barafu karibu itayeyuka. Wapo watu wanaokwenda kuwatazama kwa mtumbwi na kurudi wameridhika. Ukitaka kuwakosa kabisa, fuata hatua hizi. Nimezijaribu mwenyewe.

1. Usiulize habari za maji. Siku za bamvua, maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakipwa, ndege hutawanyika topeni mbali huko, wakaonekana kama pilipili manga iliyomwagika mkekani. Yakijaa, huwasukuma kidogo kidogo hadi ukingoni mwa mikoko, karibu yako. Kwa hiyo mjuzi hutoka maji yakianza kujaa. Wewe ondoka saa mbili asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji yakitoka mbio. Mwenye mtumbwi akikuonya, "Maji yanatoka, mwanangu," mwonyeshe simu: hali ya hewa leo ni jua.

2. Nunua darubini kubwa kuliko zote. Ya kukuza mara 8 inatosha, lakini jirani ataiona ndogo. Chukua ya mara 12. Mtumbwini itakuonyesha tetemeko la ardhi lenye manyoya.

3. Simama. Mtumbwi si ngalawa, hauna matengo ya kuushikilia ubavuni, na ndege hupenda kujua mapema nani anakuja. Shati la njano la timu yako litasaidia.

4. Kila ndege mweupe mwite yangeyange, tena kwa sauti. Yule mwenye mgongo mweusi na domo nene jeusi kama koleo ni mla kaa. Kwao ni Oman na Ghuba, na hutaga yai moja ndani ya shimo analochimba mchangani, jambo ambalo ndege wenzake wa ufukweni hawalifanyi. Habari zote hizo zisikuzuie kumwita yangeyange.

5. Kwama. Hatua hii haihitaji juhudi, nne za kwanza zinatosha.

Mimi nilikwama saa tatu na nusu. Mtumbwi ulikaa topeni kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Darubini ilikuwa imeshaogelea (rejea hatua ya tatu). Mzee mwenye mtumbwi alijifunika kofia usoni akalala. Nililalamika mpaka malalamiko yakaniishia, kisha nikakaa kimya kwa kukosa la kufanya.

Baada ya adhuhuri vishimo vya kaa vilianza kutoa mapovu. Maji yalikuwa yanarudi, na mbele ya maji walikuja ndege. Mla kaa mmoja alipiga hatua tatu, akasimama, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza mlangoni. Akadunga. Kaa akatoka akirusha miguu, akapigizwa topeni, akamezwa. Vitwitwi walipita ubavuni mwa mtumbwi kana kwamba ni gogo, na mimi ni tawi lake. Baadhi yao vifua vilikuwa vimeanza kugeuka rangi ya matofali. Wamevaa nguo za harusi njiani, ili wasipoteze muda wakifika.

Nikafungua mdomo nimwamshe mzee aone.

"Si nilikwambia maji yanatoka?" akasema, kofia bado usoni.

"Ulinambia, mzee."

"Basi sasa yanaingia. Nyamaza."