Namna ya Kutazama "Primal Fear" Bila Kuchotwa Akili

Kwanza mtoe sebuleni shemeji aliyekwisha kuiona. Mtume dukani, mwazime pikipiki, mpe anachotaka, ilimradi aondoke. Filamu hii ya mwaka 1996 ina mwisho ambao mwenye mdomo mwepesi hawezi kuufungia tumboni kwa zaidi ya saa mbili.

Akishaondoka, usihangaike kumtafuta stelingi. Richard Gere amevalia kama stelingi, lakini wakili anayemwigiza, Martin Vail, ni mpenda kamera aliyeichukua kesi bure ili atoke magazetini. Mteja wake ni Aaron Stampler, kijana wa kuhudumia altare, mwenye kigugumizi, aliyekamatwa akikimbia huku ametapakaa damu baada ya Askofu Mkuu Rushman wa Chicago kuuawa kikatili. Utamhurumia, usijizuie. Edward Norton, anayemwigiza Aaron, alikuwa anacheza filamu yake ya kwanza, na bado aliteuliwa kuwania Oscar.

Sasa fika mahali ambapo watazamaji wengi huparuka, na inaniuma: mwache Aaron, ifuate ardhi. Askofu aliuzima mradi mkubwa wa ujenzi, na vigogo waliowekeza humo wakapoteza mamilioni ya dola. Mmoja wao ni John Shaughnessy, mkuu wa waendesha mashtaka, yuleyule anayemsimamia Janet Venable anayemshtaki Aaron na kumtakia adhabu ya kifo. Kisha unaibuka mkanda wa video unaoonyesha askofu akiwalazimisha vijana wafanye ngono mbele ya kamera yake. Malalamiko ya aina hiyo yalikwisha kumfikia Shaughnessy zamani, akayafukia.

Hapo bonyeza kitufe cha kusimamisha, hata kama wenzako watalalamika. Vail anamwita Shaughnessy atoe ushahidi, anambana kwa maswali, na jaji anamkatiza wakili. Mkubwa anarudi zake nyumbani. Angetimiza wajibu wake siku ya lalamiko la kwanza, vijana wale wasingefikishwa mbele ya kamera ile. Kwangu mimi huo ndio uhalifu mzito zaidi katika filamu nzima, na hakuna aliyeshtakiwa kwa ajili yake.

Ukimaliza, siri ya mwisho itunze, usimharibie mtu. Habari za Shaughnessy mwambie kila anayetaka kuitazama, tena mapema, kabla shemeji hajarudi.