Kinyesi cha Ndege Kwa Dola

Huku Masara, kaunti ya Migori, hakuna uso unaokosa cha kupakwa. Mashine za kusaga mawe ya dhahabu zikianza kunguruma asubuhi, ikifika saa nne sote tumeshapakwa vumbi, mchimbaji, mwalimu na mbuzi wake, tena bila malipo. Ndiyo maana nilishangaa binti ya dada yangu, anayesomea urembo Migori mjini, aliponitazama akasema, "Mjomba, uso huo unataka kinyesi cha ndege."

Nilidhani nimetukanwa. Kumbe ni tiba! Japani kuna ndege mdogo aitwaye uguisu, hodari wa kuimba. Kinyesi chake hukaushwa, hupigwa mionzi ya kuua vijidudu, husagwa, kisha huchanganywa na pumba za mchele. Zamani geisha, wale wanawake watumbuizaji, na waigizaji wa tamthilia za kabuki walikitumia kusafisha uso baada ya kupaka poda nyeupe. (Sisi Geisha tunayoijua ni sabuni.) Saluni moja ya Manhattan imewahi kutoza dola 180 kwa uso mmoja. Kwa pesa hizo mimi nanunua mbuzi wawili, na kinyesi chao napewa kama nyongeza.

Kosa letu ni kuzungumza haya mbele ya shemeji. Huyu bado ana vizimba alivyojenga wakati wa ile homa ya kware, mwaka 2013 kuingia 2014, watu walipokuwa wakiapa kwamba yai la kware linatibu kila ugonjwa isipokuwa umaskini. Bei ilipoanguka, tulikula kware hadi tukawachoka. Sasa kusikia "kinyesi" na "dola" katika sentensi moja, aliinuka kitini.

"Kware wa kufugwa asili yao si Japani?"

Hapo hakukosea. Aluru, kware wetu wa porini, ni wengine. Nikamwambia hata hivyo kware si uguisu.

"Uso utajuaje?"

Binti alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikanuna, maana najua mambo ya kupaka yanayostahili kununiwa. Hizo poda nyeupe za Japani ya kale, nyingine zilikuwa za risasi, nyingine za zebaki. Zebaki! Ile ile ambayo mama zetu huikanda kwa mikono mitupu ndani ya karai ili inase dhahabu, kisha wakaichoma na kuvuta moshi wake. Ile ile inayowekwa kwenye baadhi ya krimu za kujichubua, mtu akabaki Fanta usoni na Coca-Cola kwenye vifundo vya vidole. Mkataba wa dunia wa kuidhibiti unaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakainywa, watu wakala samaki wakapooza. Ulipitishwa 2013, mwaka ule ule sisi tulipokuwa tukishughulika na mayai.

Lakini jaribu kusema hayo sokoni. Ukitaja kinyesi cha ndege, watu wanaziba pua. Kikopo cha krimu kisicho na jina la mtengenezaji kinapita mkono hadi mkono, na hakuna anayekinusa.

Nilimweleza shemeji yote hayo, polepole, kama mtu mzima. Alisikiliza kwa heshima, akakohoa kidogo, kisha akauliza pumba za mchele siku hizi zinauzwaje.